Kahawa ya nyuma ya nyumba

Wanafunzi wetu wanasema kahawa ni mti wa Wazungu. Hapana! Arabika ya Kivu, ndiyo, wakoloni ndio walioileta. Lakini ile robusta tunayopanda nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha inachanua maua meupe yenye kunukia sana, hiyo iko ya pori letu. Miaka ya 1890 Mbelgiji Émile Laurent aliikuta huko Lomami. Linden wa Brussels akaiuza kwa jina la robusta, ikafika mpaka Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeharibu arabika. Kumbe Java waliokolewa na mti wetu! Sisi tunaupanda kando ya migomba, upate kivuli. Maua hayakai siku nyingi. Matunda yanangojewa karibu miezi 10.