Asidi ilitoka kwenye reli ikaja barabarani: historia anayoirithi shofere mpya wa siterne

KAMBOVE – Katika teritwari yetu, kijana akipata kazi ya kuendesha kamio ya siterne, jamaa yote inafurahi. Mshahara wake utalipa nyumba na masomo ya watoto. Lakini, ndugu msomaji, mzigo anaokabidhiwa haukuwa wa barabara tangu mwanzo. Tuangalie namna ulivyofika hapo.

Mwanzo ni reli. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika hapa Kambove kufuata shaba yetu. Wakati ule shaba iliyeyushwa kwa moto. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, pale Likasi, kikaleta njia nyingine: mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi ya sulfuriki, shaba inaingia ndani ya maji hayo, kisha umeme unaitoa. Tangu siku hizo kiwanda cha namna hiyo kinahitaji asidi kama bukari inavyohitaji maji.

Asidi yenyewe ilitengenezwa Likasi. Madini ya zinki ya Kipushi, yenye salfa ndani, yaliletwa kwa treni, yakachomwa, na moshi wake ukageuzwa asidi. Yaani kitu cha hatari kilizaliwa karibu na mahali kilipotumika. Treni ilibeba mawe, na mawe hayaunguzi mtu yakimwagika.

Mwaka 1967 serikali ikachukua mali za Union Minière, na Gécamines ikaendelea na kazi hiyo. Halafu mambo yakaharibika. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ukasimama, na ile zinki yenye salfa ikakatika. Reli nayo ikachakaa.

Baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, sosiete nyingi zilikuja na kujenga viwanda vyao vya kulowekea mawe, kila kimoja mahali pake, hadi Kolwezi. Vingine vinachoma salfa ya kutoka ng'ambo ili kujitengenezea asidi. Vingine vinanunua asidi ya Zambia, inayopatikana kwenye moshi wa mitambo ya kuyeyushia shaba kama Mufulira, Chambishi na Kansanshi. Hiyo ya Zambia inavuka mpaka kwa kamio, inapita vijijini, inapita sokoni. Kazi ya shofere wa asidi ilikua hivyo, na shule yake haikukua nayo.

Mara nyingi kijana anaanza kama msaidizi, anakaa kando ya mkubwa wake na kuangalia. Akizoea kamio ya mchanga, anadhani siterne ni ileile. Sivyo. Mchanga unatulia, lakini kitu cha majimaji kinatembea. Ukifunga breki, mzigo unakimbilia mbele na kuisukuma kamio hata kama magurudumu yamesimama. Ukikata kona kwa haraka, unapanda upande mmoja na kuipindua. Tangi lililojaa nusu linaweza kuwa gumu kuliko lililojaa, maana mzigo umepata nafasi ya kucheza.

Uzito nao unadanganya. Lita moja ya asidi kali ina kilo 1.84 hivi, wakati lita ya petroli haifiki kilo moja. Tani 30 za asidi ni lita 16,000 hivi tu. Tani 30 za petroli ni karibu lita 40,000. Kwa hiyo ukitia asidi katika tangi kubwa la petroli, ama unapita uzito unaoruhusiwa, ama unaacha nusu tupu. Mbali na hapo, asidi inakula chuma cha tangi na vali zisizotengenezwa kwa ajili yake. Na mtu akirushiwa asidi, aoshwe mara moja kwa maji mengi sana, tena kwa muda mrefu. Lakini usimimine maji ndani ya tangi: yanachemka na kuruka.

Tarehe 20 mwezi wa 2 mwaka 2019, katika kijiji cha Kabwe, upande wa Tenke, kamio ya asidi ilipata ajali pamoja na basi. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine wakabaki na majeraha ya kuungua. Wengi hawakuwa na kazi yoyote na mgodi. Walikuwa njiani tu.

Wazee wa Shituru waliochunga asidi walikuwa na ukuta wa kiwanda kati yao na watu. Shofere wa leo hana ukuta. Ana breki, glavu, miwani, maji ya kuoshea, na kile alichofundishwa. Sosiete inayompa funguo bila mafunzo inamweka yeye hatarini, pamoja na kila mama anayeuza mihogo kando ya barabara. Kijana anayeanza asione haya kuuliza kabla ya kuondoka: tangi hili lilitengenezwa kwa mzigo gani, limejaa kiasi gani, na maji ya kuoshea yako wapi? Asipopata jibu, asiwashe injini.