Watoro wa Rabai

Katika historia ya utumwa wa pwani yetu, watu aghalabu husimulia habari za manowari za Kiingereza, na za mkataba wa mwaka 1873 ambao Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, aliutia sahihi shingo upande, soko la Unguja likafungwa. Na katika masimulizi hayo mtumwa mwenyewe huonekana amekaa kitako, akingoja kukombolewa. Lakini wengi hawakungoja. Kutoka mashamba ya mtama ya Malindi na Takaungu, na kutoka majumba ya Mombasa, walitoroka: wengine wakaenda Witu kwa Sultani Ahmad, aliyeitwa Simba, ambaye aliwapa himaya kwa kuwa naye alikuwa hasimu wa Unguja, wengine wakaingia barani wakajenga vijiji vyao wenyewe, na wengine wakashika njia ya Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako Johann Ludwig Krapf alikuwa ameanzisha misheni tangu mwaka 1846.

Yafaa kufahamu sheria ilivyokuwa, kwani pasipo hayo hatari ya jambo lenyewe haionekani. Mkataba ule ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni, wala haukugusa milki ya bwana juu ya mtumwa aliyekwisha kuwa wake. Kwa hiyo mbele ya liwali na mbele ya kadhi, mtoro alikuwa mali iliyopotea, na mwenye kumficha alikuwa amezuia mali ya mwenziwe. Wamisionari wa shirika la CMS (Church Missionary Society), waliojenga Freretown huko Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya mateka waliookolewa majahazini, walilijua hilo vyema. Na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, ambaye mwenyewe alimshurutisha Barghash kufunga soko, ndiye aliyewaonya wasiwapokee watoro. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walighadhibika hata ikahofiwa kwamba Freretown itavamiwa. Kengele iliyotundikwa pale ili kutahadharisha watu ingaliko hadi leo, na mahali penyewe huitwa Kengeleni.

Basi ni nani aliyefungua mlango, ilhali balozi ameukataza? Katika Rabai jina linalotajwa kwanza ni la William Jones, Myao aliyetekwa angali mtoto, akaokolewa na Waingereza, akalelewa Bara Hindi, kisha akaletwa Rabai katika miaka ya 1860. Ndiye yule yule aliyewarudisha pwani mwaka 1886 masalia wa msafara wa Askofu Hannington, baada ya askofu kuuawa Busoga. Mtu wa namna hii, aliyeonja mwenyewe utumwa, alipofikiwa na mtoro mwenye makovu asingeweza kumwambia arudi kwa bwana wake ati kwa kuwa balozi ameagiza hivyo. Watoro walipewa mahali pa kujenga na kulima, wakahudhuria mafundisho, na kanisa likajaa. Nami naona vigumu kuamini kwamba Wazungu waliofurahia wingi wa waumini hawakujua walikotoka.

Fuladoyo, ndani zaidi katika nchi ya Wagiriama, hapakuwa na Mzungu wa kujificha nyuma yake. Kijiji hicho, kilichoanzishwa na Wagiriama waliopata mafundisho Rabai, kilikuwa kimbilio la watoro, na mwaka 1883 kilivamiwa. Kiongozi wake, David Koi, akauawa.

Mambo yalifikia kilele mwaka 1888. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inashika hatamu za pwani kwa idhini ya Sultani wa Unguja, na wakili wa Kampuni hiyo, George Mackenzie, alipofika Mombasa aliwakuta Waarabu na Waswahili wenye mashamba wamejaa hasira, kwani ilikuwa imedhihirika kwamba watoro waliohifadhiwa katika misheni walizidi 1,400. Mackenzie hakuweza kuwarudisha, maana Uingereza nzima ingepiga kelele. Wala hakuweza kuwanyima haki wenye mali, maana Kampuni isingepata usalama hata siku moja. Akatoa fedha. Kila mwenye mtumwa alilipwa riale 25 kwa kichwa, nao wakaridhika, na siku ya kwanza ya Januari 1889 watoro wakakusanywa Rabai wakapewa hati zao za uhuru. Sifa nyingi zilimwendea Mackenzie, na si haki kumnyima. Lakini watu aliowanunulia uhuru walikuwa wamekwisha kuutwaa wenyewe miaka mingi kabla, na shughuli yake hasa ilikuwa kuwafanyia mabwana suluhu.

Tena hati zile zilikuwa za waliokuwapo tu. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika mwambao wa Kenya hata mwaka 1907, na ulipofutwa, serikali iliwalipa tena fidia wenye watumwa. Mtu aliyetoroka Takaungu mwaka 1890 hakulipiwa riale 25 za Kampuni. Alipaswa kutafuta njia yake barani kama walivyofanya waliomtangulia.