Masidi wa Janjira

Kusini mwa Mumbai, mbele ya mji wa Murud, kuna kisiwa cha mwamba kilichozungushiwa ngome. Kuta zake zinainuka kutoka majini, na lango kuu halionekani mpaka chombo kikaribie kabisa. Ndani mna mabwawa ya maji matamu. Hiyo ndiyo Janjira, iliyotawaliwa kwa zaidi ya miaka 300 na Masidi, watu wa asili ya Afrika.

Wazee wao walivushwa bahari, wengi wakiwa watumwa, hasa kutoka Uhabeshi. Masultani wa Dekani, kusini mwa India, waliwatia jeshini, na baadhi yao wakapanda hadi ukamanda. Hapo Janjira cheo hakikuwa cha kurithi: mkuu akifa, maofisa walimweka aliye hodari miongoni mwao. Naamini desturi hiyo ndiyo iliyoiokoa ngome.

Karibu na mwaka 1670, Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, aliibana Janjira hata mkuu wake, Fateh Khan, akakubali kuikabidhi. Masidi watatu, Sambal, Qasim na Khairiyat, wakamkamata, wakamfunga, kisha wakaomba hifadhi kwa Aurangzeb, mfalme wa Mughal. Naye akawakabidhi ulinzi wa bahari yake. Mwaka 1671, usiku wa sikukuu ya Holi, waliiendea Danda-Rajpuri, ngome ya ng'ambo iliyokuwa mikononi mwa Wamaratha. Khairiyat alishambulia kutoka nchi kavu kwa makelele mengi, walinzi wakakimbilia huko, na Qasim akapanda ukuta kutoka baharini.

Shivaji hakuipata Janjira maisha yake yote. Mwanawe Sambhaji, mwaka 1682, alijaribu hata kuijaza bahari mawe ili askari wavuke kwa miguu, naye akashindwa. Mwaka 1689 Qasim, ambaye sasa aliitwa Yaqut Khan, aliteremsha jeshi Bombay (Mumbai ya leo) akawazingira Waingereza hadi mwaka uliofuata.

Mwaka 1736 Wamaratha walimuua kamanda wa Masidi, Sidi Sat, vitani, na maeneo mengi ya bara yakawaponyoka Masidi. Utawala nao ulikwisha kuwa urithi wa ukoo, na magomvi ya ndugu yakaanza. Mrithi mmoja, Balu Mian, alinyang'anywa ngome na Sidi Johar. Mwaka 1791 Balu Mian alipewa eneo la Sachin, karibu na Surat, badala ya dai lake. Hivyo India ikawa na dola mbili za Masidi, na zote mbili ziliunganishwa na India huru mwaka 1948.