Usiku Vijana wa Kansas City Walipogeuza Mchezo

Septemba 30, 2014, Kansas City Royals waliingia zamu ya nane wakiwa nyuma ya Oakland Athletics 7-3, katika mchezo wa besiboli ambao aliyeshindwa alikuwa anaaga mashindano. Walishinda 9-8 zamu ya 12. Wengi huuita muujiza. Kwangu yalikuwa mavuno ya subira. Royals hawakuwa wamefika hatua ya mtoano tangu 1985, na kati ya 2002 na 2006 walipoteza mechi 100 au zaidi katika misimu minne. Timu dhaifu hupewa nafasi ya mapema kuchagua chipukizi: Eric Hosmer walimpata 2008, Christian Colón 2010. Salvador Pérez walimsajili kutoka Venezuela akiwa na miaka 16 tu.

Yupo atakayesema kilichowaokoa ni mbio, maana waliiba vituo mara saba (yaani walikimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), na aliyesawazisha zamu ya tisa, Nori Aoki, alikuwa na miaka 32. Ni kweli, na heshima yao wapewe. Ila mbio zilileta sare tu, kisha Oakland wakaongoza tena 8-7. Hapo Hosmer, miaka 24, akaupiga mpira hadi ukutani, akafika kituo cha tatu. Colón akapiga mpira uliodunda juu sana, Hosmer akarudi kituo cha nyumbani na kusawazisha. Colón naye akaiba kituo cha pili. Pérez, aliyekwishashindwa mara tano usiku huo, akaunyooshea gongo mpira uliokuwa mbali naye, ukapenya kando ya mlinzi wa kituo cha tatu, Colón akaleta pointi ya ushindi. Bahati haijirudii hivyo: mwaka 2015 Royals walitwaa ubingwa, Pérez akiwa mchezaji bora wa fainali, na pigo lililowapa uongozi zamu ya 12 ya mchezo wa mwisho lilikuwa la Colón.