Kabla Ufute: Historia Fupi ya Simu Iliyojaa

Wasee, hii ni ya wewe mwenye simu inayokuambia kila asubuhi kwamba nafasi imeisha. Najua venye unafanya. Unaingia kwa picha, unachagua mia tatu bila kuziangalia, unafuta, maisha yanaendelea. Wiki ijayo imejaa tena. Maoni yangu ni haya: shida hii si mpya, ina historia yake hapa kwetu, na historia hiyo inaonyesha kwamba tukifuta kwa haraka, huwa tunapoteza kitu ambacho hakiko popote pengine.

Tuanze na mulika mwizi. Nokia 1100 ilitoka mwaka wa 2003, na wengi wetu tuliikuta mkononi mwa mathe ama shosho. Ilibeba makumi tu ya SMS, kila moja isiyozidi herufi 160. Ikijaa, ile bahasha ndogo kwa skrini inaanza kuwaka na kuzima, na meseji mpya haiingii mpaka ufute ya zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa "nafasi imeisha" ya wazazi wetu.

Halafu Machi 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa, na SMS ikageuka risiti. Mwenye kuuza viazi soko la Wakulima hapa Nax sasa alikuwa na meseji ambazo hangeweza kufuta ovyo, maana zilikuwa ushahidi wa pesa. Nafasi ni ile ile, kwa hivyo kitu kilibidi kitoke. Mara nyingi zilizotoka ni salamu: meseji ya mtoto aliyefika shule salama, ya mume aliye safarini. Hakuna mtu wa kulaumu hapo. Risiti ilikuwa na bei, salamu haikuwa nayo.

Miezi michache baadaye ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bonde la Ufa liliungua, na mwishoni mwa Januari moto ukafika Nakuru na Naivasha. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. SMS zilifanya kazi mbili siku hizo. Kuna zile za chuki, ambazo ziliongelewa sana baadaye. Na kuna zile za kutafutana: ndugu akiuliza ndugu kama yuko hai, jirani akimwambia jirani barabara gani asipite, mtu akituma habari kwamba amefika kambi ya Showground. Hizo za pili ni historia ya huu mji kwa mikono ya wenyewe, dakika kwa dakika. Sasa jiulize ni ngapi zimebaki. Simu zilikuwa ndogo na bahasha ilikuwa inawaka. Zikafutwa ili nyingine ziingie. Leo ukitaka kujua mtaa wako uliongea nini usiku ule, unategemea kumbukumbu za watu, na wengi hawapendi kuongea.

Baadaye nafasi ikaongezeka, ama tulidhani hivyo. Kukaja memori kadi, na maduka ya muziki na filamu ambapo unalipa kidogo ujaziwe ngoma. Mwaka wa 2011 Safaricom na Huawei wakauza IDEOS kwa karibu shilingi 8,000, na watu wengi wakashika Android kwa mara ya kwanza. Nafasi yake ya programu haikufika hata nusu GB. Ukiweka programu tatu nne, imekufa. Simu za sasa zina GB 32, 64, 128, na bado zinajaa. Kwa nini?

Kwa sababu sisi hatuzijazi peke yetu. Grupu la familia, la chama, la ploti na la darasa la zamani yote yanatupa vitu ndani, na WhatsApp ikiachwa ilivyo inajihifadhia picha na video bila kukuuliza. Video moja ya mzaha inaweza kuwa kwa simu yako mara tatu. Kwa muda tulikuwa tunarusha picha kwa Google Photos na kusahau. Lakini kuanzia tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwa ile GB 15 ya bure, pamoja na barua pepe zako. Ikijaa, lipa ama ufute. Tukarudi pale pale pa mulika mwizi, bahasha inawaka.

Sasa kuna hadithi nyingine ya kufuta ambayo lazima niiweke hapa, kwa sababu inaonyesha kwamba kufuta si usafi tu. Wakoloni walipojua wanaondoka Kenya, nao walikuwa na makabati yaliyojaa. Mwaka wa 1961 London ilitoa maagizo kwamba makaratasi ambayo yangeaibisha serikali ya Uingereza yasiachiwe serikali mpya. Mengine yalichomwa. Maagizo yaliruhusu hata kuyazamisha baharini, ndani ya masanduku yenye uzito, mbali na pwani. Mafaili karibu 1,500 yalipelekwa Uingereza na yakafichwa. Yalijulikana mwaka wa 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakidai haki kwa mateso ya kambini. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Zingatia hapo: yale yaliyofichwa yalisaidia kesi. Yale yaliyochomwa hayatamsaidia mtu milele.

Wale walijua wanachofuta. Sisi hatujui, na hiyo ndiyo inanisumbua.

Chukua tarehe 25 Juni 2024. Vijana wa rika letu walijaa barabarani dhidi ya Mswada wa Fedha, Nairobi na miji mingine, Nakuru ikiwemo. Kila mtu alikuwa na simu juu. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa filamu kuhusu waliouawa karibu na Bunge, na waandishi wake walipitia zaidi ya picha na video 5,000 ili kutambua waliofyatua risasi. Hizo zilipigwa na watu wa kawaida. Sasa fikiria msee aliyekuwa na video muhimu, simu ikajaa Julai, akafuta ili apakue mechi.

Na si lazima iwe siasa. Maziwa yetu yamepanda miaka hii kumi na kitu. Lango kuu la zamani la mbuga ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji. Mwariki watu walihama nyumba, na Kihoto pale Naivasha vivyo hivyo. Ile picha yako ya trip ya shule, mmepanga foleni langoni na sare zenu, sasa ni picha ya mahali ambapo hapako tena.

Kwa hivyo safisha, lakini kwa mpangilio. Sheria yangu ni moja: futa nakala, hifadhi shahidi. Kitu ambacho watu elfu wanacho, toa. Kitu ambacho ni wewe pekee unacho, subiri kwanza.

Anza na kashe ya programu, hayo ni mabaki tu na hupotezi kitu. Lakini soma vizuri: kufuta kashe na kufuta data ya programu ni vitu viwili tofauti. Kisha ingia WhatsApp, mipangilio, sehemu ya hifadhi. Itakuonyesha vitu vilivyosambazwa mara nyingi na vilivyozidi MB 5. Vilivyosambazwa mara nyingi ndivyo vya kwanza kwenda, maana dunia nzima inavyo. Zima upakuaji wa kujiendesha. Toa programu ambazo hujafungua tangu mwaka jana. Skrinishoti za bando na za mikeka iliyochanika, kwaheri. Na kumbuka Google Photos huweka vilivyofutwa kwa pipa siku 30, ama 60 kama vilikuwa na bekapu, kwa hivyo ukikosea bado una muda.

Zinazobaki, zile zako pekee, zitoe kwa simu kabla simu iibiwe stage: flashi, kompyuta ya rafiki, memori kadi. Weka mahali pawili. Andika jina, mahali na mwaka, kwa sababu picha bila maelezo baada ya miaka 20 ni sura tu.

Simu itakuonyesha kitu kikubwa zaidi ndani yake. Haiwezi kukuonyesha kitu muhimu zaidi. Hiyo kazi ni yako, na hakuna mtu mwingine hapa Nakuru atakufanyia.