Fundi Viatu wa Whitechapel na Kampuni Yake

Aron Salomon alishona na kuuza viatu katika mtaa wa Whitechapel High Street, mashariki mwa London, kwa zaidi ya miaka 30. Alianza akiwa karibu hana mtaji, akajipandisha hatua kwa hatua hadi akawa na maghala, wafanyakazi wengi na zabuni za serikali. Biashara ilikuwa yake peke yake: faida ilimwingia yeye na deni lilimwangukia yeye. Wanawe waliofanya kazi naye walikuwa wamekua, nao wakamsihi awape sehemu.

Angeweza kuingia nao ubia. Lakini katika ubia wa kawaida kila mbia huwajibika kwa deni zima, hata kwa mali yake ya nyumbani. Waingereza wa wakati ule hawakuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Mwaka 1878 City of Glasgow Bank ilianguka, na kwa kuwa dhima ya wanahisa wake haikuwa na kikomo, wafilisi waliwadai pauni 2,750 kwa kila hisa ya pauni 100. Kati ya wanahisa 1,819, walionusurika kufilisika walikuwa 254 tu. Wengi wa wanahisa hao walikuwa watu wa kipato cha wastani walioweka akiba yao pale kwa imani.

Njia nyingine ilikuwa kampuni yenye dhima yenye kikomo, ambayo sheria ya Uingereza ilianza kuiruhusu kwa jumla mwaka 1855. Mwenye hisa alipoteza thamani ya hisa zake tu, basi. Sheria ya Makampuni ya mwaka 1862 ilidai watu saba watie sahihi, kila mmoja akiwa na hisa isiyopungua moja. Salomon akahesabu jamaa zake: yeye, mkewe, binti yake na wana wanne. Walitimia saba. Mwezi Julai 1892 kampuni ikaandikishwa, naye akaiuzia biashara yake kwa zaidi ya pauni 38,000. Mkewe na watoto walipata hisa moja moja ya pauni moja, yeye akachukua 20,001.

Hakuchukua hisa tu. Sehemu ya bei aliipokea kwa hati za deni za pauni 10,000, zenye dhamana juu ya mali yote ya kampuni. Maana yake, kampuni ikianguka, yeye kama mdai mwenye dhamana angelipwa kabla ya wadai wa kawaida waliokopesha bila dhamana. Kwa hiyo Salomon alikuwa muuzaji, mwenye hisa karibu zote na mdai mkubwa wa kampuni hiyohiyo.

Mambo yakaharibika upesi. Migomo iliitikisa biashara ya viatu, na serikali ikagawa zabuni zake kwa watengenezaji wengi zaidi ili isimtegemee mmoja. Viatu vikajaa ghalani bila wanunuzi. Salomon na mkewe wakaikopesha kampuni fedha. Kisha akazitumia zile hati zake kupata pauni 5,000 kwa mkopeshaji aitwaye Edmund Broderip, akaziingiza zote katika kampuni. Haikusaidia. Riba haikulipwa, Broderip akadai dhamana yake, na mwaka 1893 kampuni ikafilisiwa. Broderip alipolipwa, zilibaki pauni 1,055 hivi, na hizo nazo Salomon alikuwa na haki ya kuzidai kwa hati zake. Wadai wa kawaida, waliodai zaidi ya pauni 7,000, hawakuwa na cha kupata.

Mfilisi akasema kampuni ile ilikuwa kivuli cha Salomon, kwa hiyo Salomon alipe madeni. Jaji Vaughan Williams alikubali: kampuni ilikuwa wakala wake tu. Mahakama ya Rufani nayo ikaamua dhidi yake mwaka 1895, ikisema kwamba sheria iliwalenga watu saba wenye biashara kweli, si mtu mmoja na sita wa kujaza nafasi. Kufikia hapo mzee alikuwa ameishiwa, akapeleka rufaa yake ya mwisho kwa utaratibu wa watu maskini.

Mwezi Novemba 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liligeuza yote kwa kauli moja. Malodi walisema sheria ilitaka watu saba wenye hisa, haikutaka wawe na hisa sawa wala wasiwe jamaa. Kampuni ikishaandikishwa ni mtu mwingine mbele ya sheria, mbali na aliyeianzisha. Wadai walijua wanamkopesha nani. Hata hivyo Lodi Macnaghten hakuficha uchungu wake: aliuita kashfa kubwa utaratibu unaowaacha wenye dhamana wakifagia kila kitu kampuni inapoanguka.

Sheria ilichukua hatua. Mwaka 1897 Bunge liliweka mishahara ya wafanyakazi mbele ya dhamana inayoelea, yaani isiyofungwa kwa mali moja maalumu, juu ya mali ya kampuni, na mwaka 1900 likaamuru dhamana za namna hiyo ziandikishwe, ili anayetaka kukopesha aangalie kwanza.

Waliosherehekea ukuta kati ya mtu na kampuni yake walisahau kwamba unazuia pande zote mbili. Katika Ireland ya Kaskazini, mwenye shamba aitwaye Macaura aliiuzia mbao za shamba lake kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa zake, akaziwekea bima kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 moto ukaziteketeza. Mwaka 1925 Malodi walimnyima fidia: mbao zilikuwa za kampuni, na mwenye hisa hana umiliki wa mali ya kampuni, hata akizimiliki hisa zote.

Hukumu ya Salomon ilisafiri na sheria ya Kiingereza hadi Afrika Mashariki, na mahakama za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bado huirejelea. Kenya iliruhusu kampuni ya mtu mmoja katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, jambo ambalo Salomon alilitimiza kwa kuwaita mkewe na watoto wake kutia sahihi. Mwenye duka anayeandikisha kampuni leo anapata kinga aliyoipata mzee yule, na anapata masharti yake pia. Akaunti ya kampuni si mfuko wake. Gari la kampuni likatiwe bima kwa jina la kampuni. Na anayeuza mali kwa mkopo kwa kampuni aende kwa msajili kwanza, aulize nani ana dhamana juu ya mali ya kampuni hiyo, kwa maana mahakama haitamwonea huruma baadaye.