Kilwa: Kutoka Mtoaji hadi Mwombaji
Mwaka 1331 Ibn Battuta aliikuta Kilwa chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Masharifu wa Iraki na Hijazi walimjia kupokea. Sifa hiyo ilisafiri bila tangazo. Magofu ya mji huohuo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yakawa kwenye orodha ya hatarini. Orodha hiyo huwaita wafadhili, na asasi zetu zimelishika mno somo lake: andiko la mradi huonyesha ukuta unaoliwa na mawimbi, ni nadra limwonyeshe mwashi wa kisiwani aujuaye ukuta huo na chokaa yake. Picha yake ndiyo ningeitanguliza.